Nahodha wa Vishale Anayefumba Jicho la Kulia

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, ni seremala, karibu milango yote ya mtaa huu imepita mikononi mwangu na hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu, tena ni nahodha wa timu ya vishale, vile vya kurusha ubaoni, ya karakana yetu, timu niliyoianzisha mwenyewe, sasa Jumamosi tuna fainali na mafundi vyuma wa ng'ambo ya barabara, watu wenye midomo kweli, na vishale vyangu vimeanza kwenda kushoto tu, narusha kwa mkono wa kulia, nalenga katikati kinatua pembeni, na jicho la kulia nalifumba barabara, vile vile alivyofanya fundi aliyenifunza kazi, mashoto yule, alipokagua mbao kama zimenyooka. Kinachoniuma zaidi ni mke wangu. Ni mshonaji, alileta chakula karakana, akashika kishale kwa mzaha, akapiga katikati, akarudia, vijana wakapiga kelele, "Mama kamaliza kazi!" na sasa wanataka achukue nafasi yangu. Akirusha naacha kupumua, mshauri, lakini mimi ndiye nahodha bwana, uso nitauweka wapi? Nifundishe kulenga.

JIBU: Nahodha, pole, na hongera kwa milango. Ila fundi wako alikuwa mashoto, wewe unatumia mkono wa kulia, ukamwiga mpaka jicho! Mkono wako unavuka uso kulifuata jicho la kushoto, na kishale kinaendelea na safari hiyo hiyo. Nyooshea kidole kitasa cha mlango, macho yote wazi. Fumba jicho moja, kisha lingine. Lile ambalo likibaki wazi kidole hakihami, ndilo la kulengea, na nadhani ni hilo unalolifumba. Rusha macho yote yakiwa wazi, kishale ukiinue mbele ya jicho hilo, utazame unapotaka kupiga, kiwiko kitulie, na ukishaachia mkono uendelee kunyooka. Usiukatishe njiani kama mtu aliyeghairi.

Hayo hayatakaa mwilini kufikia Jumamosi, usijidanganye. Arushe mke wako, na unahodha ubaki nao, maana kuchagua wa kurusha ndiyo kazi ya nahodha. Uso wako uweke mstari wa mbele, auone akigeuka. Umeandika mwenyewe kwamba akirusha unaacha kupumua. Hiyo ni fahari, ndugu yangu, na sidhani umewahi kumwambia. Mwambie leo, kabla mafundi vyuma hawajamwambia.