Wa Pili au Ya Pili?

Bi Alawiya mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa miaka kumi na tano, naishi Magogoni kwa mjomba wangu Gershom, na nakuandikia hapo gazetini kwa sababu kusema siwezi, mbele ya watu wazima maneno hunikwama kooni kama mwiba wa samaki, lakini kuandika naweza, na swali langu ni hili: katika pikipiki mbili zinazouzwa Changamwe, tuchague ipi?

Mjomba anayo moja tayari, na kila Jumapili baada ya ibada hushindana na Mahfudh, mtoto wa mwenye duka, katika uwanja wa Junda, na anayeshinda hupewa jogoo, nasi jogoo hatujamwonja tangu vita viishe, kwa sababu pikipiki yetu huzimika mchangani na mjomba humaliza akiisukuma huku Mahfudh akimpigia kelele, "Bwana Gershom, mtafute ng'ombe akuvute!" Kwa hiyo mjomba ameamua kununua ya pili, ya mashindano tu, na kazi ya kuchagua amenipa mimi, kwa kuwa nimekisoma kitabu cha injini kilichoko shuleni, ingawa sijapanda hata baiskeli. Kubwa ilikuwa ya jeshi, ina nguvu na ina kiti cha nyuma. Ndogo ni nyepesi na ina mbio, lakini kiti cha nyuma haina, na breki zake, kama alivyosema muuzaji, "zinataka mtu mwenye imani." Mjomba ameniahidi kwamba ikija ya pili, ya kwanza itakuwa yangu, na tangu hapo hata hesabu haziniingii.

Liko pia tatizo dogo. Mke wa mjomba, ambaye tunamwita Mama Dhahabu kwa jina la mtoto wake, alipiga marufuku neno "pikipiki" ndani ya nyumba tangu siku ile mjomba alipoingia nayo jikoni bila kukusudia, akapita juu ya sufuria ya wali wa nazi, akatokea mlango wa nyuma. Alisema atakayelitaja tena atakula uji juma zima, na mjomba akaapa, na mimi nikaapa. Sasa tungeshauriana vipi? Hapo ndipo nilipotoa rai, na kwa kweli nilijiona mwerevu sana. Mwalimu wetu ametufundisha ngeli mpaka tunaziota, kwamba kitu husemwa "hii imechoka" na mtu "huyu amechoka", basi nikamwambia mjomba tuihamishe pikipiki katika ngeli ya watu, tuseme "yeye", tuseme "wa pili", na Mama Dhahabu hatafahamu kitu.

Mama Dhahabu alifahamu.

Jioni moja tulikuwa barazani, yeye yuko ndani anakuna nazi, na mjomba akasema, "Huyu wa kwanza amezeeka, Nguma. Anakunywa kupita kiasi, anatoa moshi, na asubuhi haamki mpaka apigwe teke."

"Na wa pili, yule wa Changamwe?" nikauliza.

"Ametumika jeshini, lakini akipakwa rangi hatambulikani."

Sauti ya kukuna nazi ikakoma. Mama Dhahabu akatokea mlangoni.

"Baba Dhahabu, ni kweli wataka kuleta wa pili?"

Mjomba alidhani hila yetu imegunduliwa, akainamisha kichwa. "Ni kweli. Niliogopa kukwambia."

"Alale wapi?"

"Sebuleni. Nje umande utamharibu."

"Na wa kwanza?"

"Huyo siwezi kumtupa, tumetoka mbali. Atabebeshwa kuni na maji."

Mama Dhahabu akakaza kanga kiunoni. Mjomba akaona amekubali, akaongeza kwa furaha, "Na Jumamosi utatusaidia kumwosha huyo mgeni!"

Mama Dhahabu akarudi ndani, akakaa bila kutazama juu ya meno ya mbuzi ya nazi, akaruka, akamfunga Dhahabu mgongoni, akaenda kwa wazazi wake Ziwa la Ng'ombe. Mjomba anasema hasira ya pikipiki haidumu.

Juzi akaja kaka yake Mama Dhahabu, Bwana Garama, wakati mjomba hayupo. Akanisimamia pale sebuleni. "Wewe kijana, huyo wa Changamwe ni wa watu gani?"

Bi Alawiya, nilikuwa ndani ya nyumba, nimeapa, neno siwezi kulitaja, nikajibu ukweli niliokuwa nao. "Ni wa Uingereza."

"Mzungu!" Bwana Garama akashika ukuta. "Gershom anaoa Mzungu?"

Nikataka kueleza, mwiba ukanikwama, na kilichotoka ni hiki: "Wako wawili. Bado hatujachagua."

Sasa wazee wa kanisa wamemwita mjomba Jumapili ya mwisho wa mwezi, naye anadhani ni kwa ajili ya kelele za uwanjani, amejiandaa kuomba radhi kwa moshi. Huenda akatengwa. Mama Dhahabu amesema hatakanyaga tena Magogoni. Nikisema kweli, nachelea mjomba ataghairi, ya pili isije, na ya kwanza nisiipate. Nyumba imepoa. Mjomba hajui kupika, kwa hiyo tunakula uji kila siku, na neno lenyewe hatujalitaja.

Basi, Bi Alawiya, kubwa au ndogo?

Wako mtiifu,
Nguma, Magogoni, Kisauni

*

JIBU

Marahaba, mwanangu Nguma.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hata buibui likanianguka. Mara ya pili nilitamani sikio lako liwe karibu nilivute. Mke wa watu amehama nyumba, mumewe yu karibu kutengwa na kanisa kwa ajili ya bibi harusi mwenye magurudumu, na wewe waniuliza kubwa au ndogo! Tena hayo ndiyo unayoyaita tatizo dogo!

Kipaji chako nakiona. Wallahi wako watu wazima hapa mjini wasioweza kuvunja nyumba kwa silabi moja. Lakini ngeli si kabati la kufichia vitu. Umekihamisha kitu kwenda kwa watu, na mtu akajiona amehamishwa kwenda kwa vitu, abebe kuni na maji. Wewe ungebaki?

Na usijifiche nyuma ya mwiba wa samaki. Haya unayo, nakubali, lakini umenyamaza pia kwa sababu waitaka ile ya kwanza. Umeliandika mwenyewe.

Fanya hivi. Uliapa kutolitaja neno ndani ya nyumba ya Magogoni. Ziwa la Ng'ombe hukuapa kitu. Nenda leo, piga hodi, toa shikamoo kwa kila anayestahili, kisha sema neno moja tu: "Pikipiki." Likikwama, mpe Bwana Garama gazeti hili na umwonyeshe kwa kidole. Ukitoka hapo, pitia kwa wazee wa kanisa, wajue hakuna Mzungu, wala wawili. Mjomba wako akighairi kununua, na aghairi. Kijana asiyejua baiskeli hajanyimwa kitu.

Asipoghairi, mpelekeni Mama Dhahabu Changamwe achague mwenyewe. Nadhani atachukua yenye kiti cha nyuma, na Mahfudh ataendelea kula jogoo. Shauri yenu. Lakini ile yenye breki za imani isikaribie jiko la mtu.

Nawe Mama Dhahabu, utakaposomewa haya: hunywi, hutoi moshi, na hapana aliyetaka uamshwe kwa teke. Nyumba ni yako na jiko ni lako. Ila usiondoke hapo peke yako. Mngoje mumeo aje kukuchukua, na mbele ya wazazi wako alitaje neno hilo waziwazi, kwa ngeli yake.

Naye aje kwa miguu.

Bi Alawiya