Karatasi ya Kahawa Uliyolalia

Daktari Bwambale, mwenzangu mbishi,

Najua unakasirika huko uliko, maana mimi niliyeishia darasa la nne ndiye nakuandikia wewe mwenye digrii mpaka masikioni. Vumilia. Huna pa kukimbilia.

Siku tulipokuzika hapa Karambi, bwana mmoja wa chuo chako alisimama akasoma kazi zako zote, alizozitoa kwenye kompyuta. Popo wa mapangoni. Meno ya watoto. Chuma cha madaraja. Samaki. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyu mutu alikuwa na vichwa ngapi?" Wewe na meno! Wewe uliyeng'olewa jino moja Bwera ukalia kama mbuzi wa sikukuu!

Kosa nililiona palepale. Kwetu kila mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale, na akina Bwambale waliosoma wamejaa kama siafu. Kompyuta imefunga kazi zao wote mzigo mmoja, ikakutwika wewe. Lakini kahawa haikusomwa. Ile kazi yako yenyewe, tuliyoifanya kwa miguu: mimi nafunga vitambaa vyekundu kwenye mibuni iliyokataa kufa wakati ugonjwa wa kunyauka unamaliza mingine, wewe unaandika kila mti uko shamba la nani. Nikikutania kwamba kitambi chako kinafika mlimani kabla yako, unasema, "Shika kamba ya kupimia, wacha maneno." Kamba nilishika. Maneno sikuacha.

Sasa sikiliza, na usinitukane. Ile karatasi yetu ya kahawa iliyochapwa kwenye jarida, nakala uliyonipa, niliiweka kwenye jeneza lako. Mimi mwenyewe, chini ya kwapa, kabla hawajapiga misumari. Nilisema msomi asiende mikono mitupu. Nilidhani chuoni ziko nyingine. Kumbe lile jarida lilikufa kabla yako, Daktari, na daftari zako zilichomwa pamoja na godoro lako la ugonjwa.

Na kunyauka kumerudi. Kunashuka shamba kwa shamba. Kahawa yangu imekuwa kuni. Afisa wa kilimo alikuja kutoka Kasese, mama mwenye adabu, akaniuliza miti ile migumu iko wapi, achukue vipandikizi. Akatafuta jina lako kwenye simu. Popo. Meno. Madaraja.

Nilikwenda kwa mama watoto wako, kofia mkononi. Nilitaka kusema tufungue kaburi. Nikamkuta anafagia juu ya simenti ya kaburi lako, polepole, kama anafagia chumba chenye mtu aliyelala. Nikasema nimekuja kusalimia tu. Akanipa chai.

Mlimani nimepanda mwenyewe. Vitambaa vimeoza. Mashamba mengine wamekata kila kitu wakapanda mikalatusi. Nimepata mbuni mmoja wa kijani, nikaukumbatia kama mlevi, lakini ndio wetu? Sijui. Wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Basi, kwa heri, ndugu yangu. Nisamehe kwa kwapa lako. Naahidi kupanda mlima kila siku magoti yakikubali, ingawa sioni tena cha kuokoa. Na siku nitakapokufuata, usianze na salamu. Toa hiyo karatasi, unisomee kwa Kiswahili, pole pole. Kile Kiingereza chako sikukielewa hata siku moja, na niliona haya kukuuliza tulikuwa tumegundua nini.

Mimi wako,
Thembo