Mlango Niliouchoma

Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili asubuhi, kabla ya ibada.

Mpendwa Dada,

Kipande cha kwanza nilikuwa nimeshakichomelea, bapa la chuma refu kama mkono wangu, nusu kwenye mlango wa chuma wa kanisa na nusu kwenye fremu. Nimeanza cha pili, pale kwenye bawaba ya chini, ndipo nikasikia mtu anakohoa ndani. Nikaacha. Kikohozi kile nakijua tangu sijajua kutembea. Alikuwa Shangazi.

Ngoja kwanza. Nimeanza na mlango kabla ya salamu, na Shangazi akijua atasema aliyenilea si yeye. Hujambo, Dada? Shemeji hajambo? Na mtoto, meno yameshaota mangapi? Sisi huku wazima. Mguu wa Shangazi unavimba jioni, asubuhi umenywea. Mimi nina jicho moja jekundu la cheche na sikio moja lililovimba, la sikio nitakueleza. Barua yako ilifika. Nimeisoma mara nne, mbili kwa macho na mbili kwa kidole. Unasema tufunge mizigo tuje kwako. Jibu lipo humu humu, ila niache nimalize habari ya mlango.

Tangu uondoke mtaa umekuwa wa Vijana wa Lori. Ofisi zimefungwa, askari walishaenda zao, na hao vijana wenye bunduki ndio wanaosema duka gani lifunguliwe na nani apite wapi. Wanachukua watu. Mtu anatoka kununua sabuni, ndiyo basi, hatumwoni tena. Na huulizi. Ukiuliza leo, kesho mnauliziwa nyinyi wawili.

Mahali pa kuuliza palibaki kanisani tu. Kila Jumapili kabla ya sala ya mwisho Mchungaji alikuwa anasoma majina ya waliochukuliwa, moja moja, kama mwalimu anavyoita darasani, na mtu wa kwao anasimama anajibu, "Yupo." Basi. Hakuna hotuba, hakuna kumtukana mtu. Jina, yupo. Jina, yupo. Mimi nimeishia darasa la nne, sijui kueleza vizuri, ila saa ile ukiwa mle ndani unahisi miguu yako imechomelewa sakafuni, huwezi kukimbia hata ukitaka. Wiki mbili zilizopita wakamchukua Mchungaji mwenyewe. Jumapili iliyofuata Shangazi akaenda mbele na fagio lake mkononi, akasoma majina yote, na la mwisho akasoma la Mchungaji. Kanisa zima likamwitikia.

Ndiyo maana jana mchana Miwani akaja karakanani. Unamjua. Tulikuwa naye Shule ya Jumapili, yule aliyekuwa anakula chaki za Shangazi. Sasa ndiye mkubwa wa Vijana wa Lori na ile miwani nyeusi haivui hata akiwa ndani ya nyumba. Juzi alijigonga kwenye mlango wa kinyozi, watu wakaangalia viatu vyao wasije wakacheka. Basi akasema mlango wa kanisa uchomelewe ufe kabisa, na iwe jana hiyo hiyo. Bosi akajibu ndiyo mkuu, sasa hivi mkuu, halafu tumbo likamkata akakimbilia chooni, mashine akaniachia mimi. Simlaumu sana, ana watoto sita. Ila tumbo lile lilijua saa ya kuuma.

Na mimi nikaenda. Hili nataka ulisikie kwangu, usilisikie kwa watu. Sikukataa. Nilipakia jenereta, mashine na grainda ya kukatia chuma kwenye mkokoteni nikasukuma, Miwani na wenzake wawili wanakuja nyuma yangu, na njia nzima najiambia chuma ni chuma tu. Wewe unajua mtaani wananiita Bubu. Kazi hii niliipendea maski, kwa sababu ukiivaa hakuna anayekuona uso na hakuna anayekutaka uongee. Jana niliishusha hata kabla sijawasha jenereta. Kioo chake ni cheusi, huoni kitu mpaka moto uwake, kwa hiyo nilikuwa nafunga nyaya kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Nilikuwa nawakwepa waliokuwa wanapita.

Kosa jingine ni kwamba sikubisha. Unakumbuka Shangazi alivyotuzoesha: kanisani ubishe hodi mara tatu, hata kama hakuna mtu, kwa sababu Mwenye nyumba yupo. Miaka yote nabisha, hata nikiwa nimebeba ndoo ya maji. Jana nilifika nikaunguza moja kwa moja. Ningebisha, Shangazi angeitika, maana kila Jumamosi mchana yuko ndani anafagia chini ya mabenchi. Mlango ni mmoja tu ule na madirisha yana nondo. Nilikuwa namfungia humo mtu aliyenilea.

Nikainama kwenye ufa nikamwambia ni mimi, nimetumwa, nikate bapa atoke halafu nifunge. Nilisikia fagio linaegemezwa ukutani. Halafu akasema, bila hasira yoyote, "Choma tu, mwanangu. Mimi natoka kesho baada ya ibada. Maji utanipitishia dirishani."

Wale wawili wakacheka. Miwani akasema nichome, bibi ataomba mwenyewe kutoka njaa ikimshika. Shangazi akaijua sauti.

"Mla Chaki, ni wewe?" akamwuliza. "Jina la mdogo wako ni la saba kwenye karatasi yangu. Mama yako ndiye anayemwitikia. Ukifunga hapa, akamwitikie wapi?"

Sijui kama ulisikia kwamba mdogo wake naye alichukuliwa, tena mapema, kabla Miwani hajapanda lile lori. Wengine wanasema alijiunga nao ili amtafute. Wengine wanasema alijiunga ili asichukuliwe yeye. Mimi kwa kioo kile cheusi sikumwona, nilisikia tu viatu vyake vinarudi nyuma hatua moja. Kisha akanigeukia akasema, "Choma."

Dada, hapo niliomba. Usifikiri ni maombi ya maana. Nilisema, Yesu, mimi mwoga, unanijua, nishikie hii mikono. Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Ila mikono ilipanda ikavua maski, na mimi nikajikuta nimesimama na uso wangu mtupu mbele ya watu watatu na barabara nzima. Nikasema, "Sichomi." Ilitoka nyembamba kama sauti ya kuku, lakini ilitoka.

Mmoja akanipiga sikioni kwa kitako cha bunduki. Nilikaa chini kidogo, kisha nikaona grainda iko karibu na mkono wangu, nikaiwasha. Nikakata bapa la kwanza, nikakata na lile la pili, mbele yao, cheche zinaniingia jichoni kwa sababu maski ilikuwa chini. Kwa nini hawakunipiga risasi sijui. Siwezi kukuambia risasi ziliisha wala kwamba malaika walisimama pale, sikuwaona. Ninachojua ni kwamba Miwani aliinua mkono wakatulia. Walipindua jenereta, petroli ikamwagika yote. Miwani akaokota maski yangu akasema mlango ule ukifunguliwa Jumapili yeye atakuwepo. Akaondoka nayo. Basi sasa anazo mbili za kujifichia, miwani na maski, na mimi sina hata moja.

Mlango ulikuwa umekaa chini kwa moto, nikauinua kwa mpini wa mkokoteni, Shangazi akatoka, akaniangalia sikio, akaniambia nimekawia kubisha. Tulirudi yeye akiwa mbele na fagio, mimi nyuma na mkokoteni.

Bosi nilimweleza yote, hata bawaba ilivyopinda, akanifukuza kazi. Alinifukuza huku anaangalia ukuta, halafu akasema naweza kukaa humu chumbani mpaka nipate pengine. Lakini leo nimefungua mlango asubuhi nimekuta mtaimbo wake mkubwa umeegemezwa hapo nje, ule asiomwazima mtu hata kwa kuapa. Hakubisha, hakuacha ujumbe. Nimecheka peke yangu.

Sasa jibu lako. Hatuji, Dada. Nimemwuliza Shangazi, akaniambia ana majina ishirini ya kusoma na hajui huko kwenu kama kuna mtu wa kuyajibu. Na mimi siji. Utasema ni ukaidi. Basi uwe ukaidi. Miaka yote nimekuwa nasogea pembeni ili watu wapite, wakinisukuma naomba msamaha mimi, na nilidhani huo ndio upole Mungu anaoupenda. Jana nimejua ulikuwa woga tu niliouvalisha nguo za kanisani. Woga wenyewe haujaisha. Uko hapa, nimelala nao, umekula na mimi chai. Lakini hautanituma tena kazi. Wa kunituma ninaye, ni Mungu.

Wanaweza kunipiga. Wanaweza kuja na fundi mwingine na mashine nyingine. Waje. Watafunga, tutakata. Wakiichukua grainda tutasomea majina barabarani, na barabara haina bawaba.

Nina ombi moja. Orodha ikiongezeka jina, hata likiwa langu, wewe huko uliko simama uitikie. Usianze kwa kulia. Itikia kwanza, ndipo ulie.

Nisalimie Shemeji, mwambie koti alilonipa bado linanipwaya. Mbusu mtoto kwenye hayo meno. Msalimie na mama mwenye nyumba wako anayekuuliza habari zetu ingawa hatujui. Shangazi anakusalimu sana na anauliza kama bado unasali ukiwa umesimama au umeshaanza uvivu wa kitandani. Mungu awawekee ukuta huko mliko, na kama ukuta hakuna, asimame mwenyewe.

Naondoka sasa. Ile bawaba ya chini niliyoiunguza imepinda kwa moto, mlango umekaa chini, haufunguki mpaka mtu aingize mtaimbo kwenye kona ya kushoto na kuuinua kwa bega, na anayejua mahali penyewe ni mimi peke yangu. Watu wameshaanza kupita hapa dirishani, wanatembea bila kuongea. Nimemwona Shangazi na fagio, nimemwona na mama yake Miwani amevaa gauni lake la kitenge. Nikichelewa, Miwani na wenzake watamkuta Shangazi amesimama nje. Barua naiacha kwa Bosi aipeleke kwa dereva wa gari la dawa.

Leo nitabisha kwanza.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, yule yule Bubu