Blanketi Iliyofika Nusu

Mujukuu wangu Neema,

Hapa kambini Nakivale tuko wazima, na mbuzi ya shangazi yako imezaa mapacha. Unaniuliza toka Mbarara: kwa blanketi ya vipande vya vitenge, ukate vyote kwanza, ao uunge kidogo kidogo?

Nilipokuwa binti kule Kivu, nilikata vipande mingi, nikajaza mufuko. Mama yangu aliunga mustari mumoja kila Jumamosi, nami nilimucheka. Siku tulipokimbia vita, blanketi yake ilikuwa nusu. Njiani baridi ilitupata, na nusu ile ilimufunika mudogo wangu, mutoto wa mugongoni. Mufuko wangu niliubeba mpaka huku, haukumufunika mutu.

Basi, unga hata viwili kila juma. Ikifika nusu, anza kujifunika nayo.

Nyanya yako