Uma wa Baiskeli Yako

Kaka Hiribae,

Kile kipande kilichovunjika ninacho mimi. Nilikifunga kwenye leso siku tuliyokuzika, kwa sababu Fundi Komora alinijia katikati ya watu akaninong'oneza, "Rehema, nipe hicho nikakitupe mtoni." Nikashangaa. Komora ametengeneza baiskeli Garsen tangu sisi wadogo, hata spoku iliyopinda haitupi. Leo anataka kutupa kipande cha uma wa mbele wa baiskeli yako, ule uliokatika ukiwa umepanda, ukakuua? Palepale nikamshuku.

Na hakuishia hapo. Tangu siku ile anamletea mama kambare wakubwa, wameshasafishwa. Alikuja akaziba paa la jikoni bila kuitwa. Mama hupokea samaki bila kumtazama usoni, na akishaondoka husema, "Mkono uliomuua mwanangu ndio unaonilisha." Wengi hapa kijijini Wema wanasema hivyo hivyo, na wateja wamemkimbia. Sikumtetea. Niliona samaki wale ni wa kutufumba midomo.

Unakumbuka likizo ile tuliyokaa uani unapepeta mpunga, ukaniuliza nasomea nini hasa huko Nairobi? Nikakueleza habari za aloi yetu, magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine. Tunaipasha kidogo, tunaisukuma kwa nguvu ipite kwenye njia iliyokunjika kama kiwiko, tena na tena, mpaka punje zake za ndani zinakuwa ndogo mno na yenyewe inakuwa ngumu. Lakini ukiivuta, inakatika kabla haijarefuka. Basi tunairudisha kwenye tanuri, moto wa kiasi, kisha inapoa. Hapo inaanza kuvutika tena bila kukatika upesi. Ukizidisha moto, punje zinakua na nguvu inapungua. Ulisikiliza kwa makini, ungo mkononi, halafu ukasema, "Kumbe hata bati linataka kukandwa kwa maji moto?" Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Nilikwangua rangi ya kile kipande nikadondoshea siki. Kikatoa povu. Aluminiamu haifanyi hivyo, ilikuwa magnesiamu. Niliporudi chuoni nikakiweka chini ya hadubini. Alama za nyundo zilikuwa wazi, na kutoka kwenye alama hizo nyufa nyembamba zilikwenda ndani. Magnesiamu ikiwa baridi haitaki kupindwa. Uma wako ulikuwa umepinda kabla, ulipoanguka kwenye lile shimo la barabara ya Ndera, kisha mtu akaugonga baridi ili unyooke. Na mtu huyo tunamjua. Nikasema moyoni, nimempata.

Nilishuka basi Garsen nikaenda moja kwa moja kibandani kwake. Sikumwamkia. Niliweka kipande mbele yake.

"Uliugonga baridi?"

"Niliugonga," akasema. "Nilidhani ni aluminiamu. Nikasikia umelia, ta! Nikaacha. Nikamwambia kaka yako, hii usiipande, isukume mpaka nyumbani, nitakutafutia uma mwingine."

"Na mbona ulitaka kukitupa hiki?"

Akapangusa mikono. "Mama yako alikuwa anakitazama. Watu wanambembeleza ale, yeye anakitazama tu."

Sikumwamini, kaka. Mwenye hatia ana muda mwingi wa kutunga maneno. Nikamuuliza ni nani aliyemsikia akikuonya. Akasema hakuna, mlikuwa wawili tu.

Basi nikaifuata njia uliyopita. Mwisho wa mji nikamkuta Mama Amina, yule mfugaji Mworma anayetuuzia maziwa. Alikukumbuka. "Hiribae alikuwa nasukuma baiskeli," akasema. "Mimi nikauliza, leo umechoka? Akasema, fundi amekataza kupanda. Halafu wingu ikatanda huko Wema, nyeusi. Akacheka, akasema mvua haitaningoja. Akapanda, akaenda."

Naye nikamshuku. Nikamuuliza kama Komora ndiye aliyemtuma aseme hivyo. Akanitazama kwa huruma. "Mimi hata baiskeli sina, mwanangu. Fundi atanituma kwa nini?"

Mvua haitaningoja. Nilikaa chini pale kando ya vibuyu vyake nikalia, kwa sababu nilikusikia wewe. Maneno hayo hakuna anayeweza kuyatunga. Wewe uliyekuwa ukinywa chai ikiwa bado inachemka kwa kutotaka kuisubiri.

Kwa nini, kaka? Ungelowa tu. Ungefika umelowa chepechepe, mama angekugombeza, angekupa shuka, basi. Ingekuwa imekwisha. Ile hadubini ilinionyesha pigo la nyundo, lakini haikuweza kunionyesha uliambiwa nini. Na mimi sikutaka kuuliza. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia Komora kuliko kukukasirikia wewe.

Jana nilirudi kwake. Nilimwambia nimemwamini. Hakushangilia wala hakulaumu. Aliniuliza tu afanye nini akiletewa uma mwingine kama ule. Nikamwambia akwangue mahali padogo, atie siki, na ukitoa povu asiuguse, amrudishie mwenyewe. Asijaribu hata kuupasha moto pale kibandani, maana chembe zake huwaka.

Mama bado hajui. Wala hao wengine wanaompita Komora bila salamu. Kesho watatoka ibadani, watakaa kwetu, na mimi nitasimama niseme kwamba ulikatazwa ukapanda. Najua wapo watakaosema namvua marehemu nguo. Najua mama atakasirika, na safari hii atanikasirikia mimi. Sijui hata nitaanza na neno gani.

Lakini nakuahidi nitasema, kaka. Nimekupenda na ukaidi wako wote, na nitaendelea kukupenda. Siwezi tu kulilinda jina lako kwa kumzika mtu aliye hai.

Pumzika salama.

Mdogo wako,
Rehema