Michungwa ya Mjomba

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, anakusalimu, na kuku wake wote wapo. Umeuliza ni mwehu gani wa jeshi la akiba aliyeing'oa michungwa yako kwa tingatinga. Ni mimi. Moto ulikuwa umeshavuka bonde. Ama tuuzuie shambani kwako, ama tuiache nyumba ya Mama iungue naye ndani, maana miguu yake unaijua. Kamanda aliniuliza kama mwenye shamba ameridhia. Nikamjibu, "Ni mjomba wangu, ataelewa." Nilijua hutaelewa.

Miche nitakuletea mvua zikianza. Radhi siombi. Mchungwa ukipandwa huota tena. Dada unaye mmoja.

Mpwa wako, yule unayemwita askari wa Jumamosi kwa kuwa mazoezi yetu ni siku hiyo tu. Moto ulikuja Jumanne.