Chanjo ya Nesta Haikushika

Tunduma,
14 Agosti 1951

Mdogo wangu mpendwa Ezron,

Pokea salamu zangu na za mama. Je, kifua chako kimepona? Huku mama hajambo, miguu tu inamsumbua, na maharage tumekwisha kuyapura. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua hii isome peke yako.

Mkeo Yunisi na mwanao walipanda lori Alhamisi iliyopita kuja huko migodini kwako. Wakifika, kabla hujawapa hata maji, au kama wamekwisha kufika basi sasa hivi, tazama mkono wa kushoto wa Nesta. Hutakuta kidonda wala kovu. Cheti alichonacho Yunisi kinasema mtoto amechanjwa ndui, na mhuri upo. Usikiamini.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulikwenda zahanati, maana bila cheti mpakani hupiti. Mimi sisafiri, lakini nilitangulia kuchanjwa ili mtoto asiogope. Dresa aliyetuchanja akatuonya tusiguse dawa, turudi siku ya nane atazame kama imeshika.

Unamkumbuka mwanangu Lusubilo. Alichanjwa, mkono ukavimba, akashikwa na homa, wiki haikuisha tukamzika. Dresa alisema ni malaria. Mimi sikumwamini, na kusema kweli hata leo simwamini sana. Basi Nesta alipolia nilishindwa. Yunisi alibaki kungoja vyeti, nikamchukua mtoto hadi mtoni nikamsugua mkono kwa maji na majivu mpaka dawa yote ikatoka.

Akaniuliza, "Shangazi, na wako huuoshi?"

Nikamjibu kwamba wangu ni wa mtu mzima, hauna neno.

Yunisi hajui. Usimlaumu hata kidogo, kosa ni langu.

Lori lilikuja siku ya tatu, hawakungoja ya nane. Leo nimekwenda peke yangu. Dresa ameona kidonda changu akafurahi, akasema imeshika, hata nikilala nyumba moja na mgonjwa wa ndui siugui. Kisha akaniambia imefika habari kwamba ndui imeingia kambi ya vibarua wa barabara, huko ng'ambo, na wawili wamekwisha kufa. Ezron, lori lile hulala kambini hapo. Nikakaa chini barazani nikamwungamia yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alisema, "Achanjwe upya siku ile ile atakayofika. Kila siku ikipita, nafasi inapungua."

Basi usingoje zamu yako iishe. Mbebe hadi hospitali ya mgodi, uwaambie amepitia wapi, na asicheze na watoto wa jirani kwanza. Akilia, mwache alie. Mkono ukivimba, uache uvimbe, na mtu yeyote asiufute, hata akiwa anampenda namna gani.

Barua naituma kwa mkono wa Damiano, utingo wa lori la kesho, maana posta itachelewa. Naye nimemwambia aulize habari zao kila kituo.

Nisalimie kaka Fanueli na shemeji Anyelwisye. Mama hajui lolote, kila asubuhi anawaombea safari njema, nami naitikia amina nikiwa nimeinamisha uso. Mungu awafikishe salama mlangoni pako. Ukinijibu, hata neno moja linatosha: imeshika.

Mkono unaniwasha ninapoandika, na kila ukiwasha namsikia Nesta akiniuliza mbona sikuuosha wangu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda wewe na mwanao,

Elina